Mkomamanga wa Deoband, Jiwe la Aligarh

Mtoto wa Lamu anayebeba msahafu kwenda kwa maalimu yuko chuoni. Kijana anayesomea uhandisi Dar es Salaam naye yuko chuoni. Kiswahili hakikuona haja ya kuwatenga. Historia ya elimu ya Waislamu wa India husimuliwa kinyume chake: huku Darul Uloom ya Deoband, chuo cha dini; kule Aligarh, chuo cha elimu ya kizungu; na msomaji hutakiwa achague. Naona mgawanyo huo umeshika kilichofundishwa, ukaliacha swali lililowakosesha usingizi waasisi wa pande zote mbili: mwalimu atakula kwa nani?

Swali hilo lilizaliwa na maafa ya 1857. Waingereza walipozima uasi walimpeleka mfalme wa mwisho wa Mughal, Bahadur Shah Zafar, uhamishoni Rangoon, na wakubwa wengi waliokuwa wakiwalisha wanazuoni wakafilisika. Aliyetaka kufundisha ilimpasa atafute mlezi mpya.

Deoband ni mji mdogo kaskazini mwa Delhi. Mei 1866, katika msikiti wa Chhatta, chini ya mkomamanga, aliketi mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Mwalimu ni Mulla Mahmud, mwanafunzi ni Mahmud Hasan. Inasimuliwa kwamba Haji Abid Husain, mmoja wa waasisi, alikunja kitambaa kama mfuko, akatia humo rupia 3 zake mwenyewe, kisha akapita kwa watu. Mwasisi mwenzake, Muhammad Qasim Nanautavi, aliandika kanuni 8, na ndani yake mna jambo ambalo mhasibu wa shule yoyote angelishangaa: chuo kisitafute pato la uhakika. Kikipata shamba, kiwanda au ahadi ya tajiri, alihofia, watu wake wataacha kumtegemea Mungu na wataanza kugombana. Mkono wa serikali aliuona una madhara zaidi. Basi michango ikaja kidogo kidogo: fedha kwa njia ya posta, vitabu, chakula cha wanafunzi. Kila mwaka taarifa ilichapishwa ikiwataja waliotoa, hata wale waliotoa kidogo.

Sayyid Ahmad Khan alipita njia nyingine. Alikuwa amezitumikia mahakama za Waingereza, na mwaka 1870 alirudi kutoka Uingereza akiwa na Cambridge moyoni. Shule yake ya Aligarh ilifunguliwa 24 Mei 1875, siku ya kuzaliwa Malkia Victoria. Na 8 Januari 1877 mwakilishi wa Malkia huyo huyo, Lord Lytton, akaliweka jiwe la msingi la chuo. Kulikuwa na mabweni, kriketi, kofia za Kituruki na wakuu wa chuo Waingereza. Lakini tusidhani alipewa tu mkononi. Aliomba kwa kila njia, mpaka akachezesha bahati nasibu na kulaumiwa kwayo, na majina ya waliochangia yakachongwa kutani. Wahindu pia walipokelewa; mhitimu wa kwanza, Ishwari Prasad, alikuwa Mhindu.

Sasa tuviweke ubavu kwa ubavu. Deoband kilikiacha Kiingereza, lakini kilichukua umbo la vyuo vya Waingereza: madarasa, mitihani, maktaba, walimu wa mshahara, badala ya desturi ya kale ya mwanafunzi kumfuata shekhe nyumbani kwake. Aligarh nacho, kilichojengwa kwa mfano wa Cambridge, kilimkabidhi masomo ya dini Abdullah Ansari, mkwe wa Nanautavi. Ukuta wa dini na dunia ulikuwa na milango mingi. Tofauti iliyo nzito ni ya mfuko: kimoja kiliwategemea wengi wenye kidogo, kingine wachache wenye nguvu. Sisemi Deoband kilipata bila gharama. Aligarh kiliwafungulia vijana milango ya mahakama na ofisi ambayo elimu ya Deoband haikuifungua, na mzazi maskini aliyetaka mwanawe apate kazi hakukosea kuipeleka karo yake Aligarh. Ila anayelishwa na serikali iko siku atadaiwa utii.

Siku hiyo ilifika 1920. Gandhi na viongozi wa harakati ya Khilafat, ya Waislamu wa India waliotetea ukhalifa wa Uturuki, walivitaka vyuo vikatae fedha za serikali. Wadhamini wa Aligarh hawakukubali. Baadhi ya wanafunzi na walimu wakatoka. Tarehe 29 Oktoba, ndani ya msikiti wa chuo hicho hicho, walianzisha chuo chao, Jamia Millia Islamia. Mzee waliyemwita akifungue alikuwa Mahmud Hasan, yule mwanafunzi wa chini ya mkomamanga, aliyekuwa amerejea mwaka ule ule kutoka Malta, ambako Waingereza walimfunga. Alikuwa hoi kwa ugonjwa. Hotuba yake ilisomwa na mwanafunzi wake, Shabbir Ahmad Usmani. Tarehe 30 Novemba akafariki. Chuo alichokifungua kilihamia Delhi mwaka 1925, na hadi leo kinasomesha.