Miaka Kumi na Miwili Bila Diwani



Sisi wazee wa Mlowo twakumbuka kwamba mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Jina lilisema madaraka yanasogezwa kwa wananchi. Kwa kweli yalishikwa na maofisa wa Serikali Kuu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi akawa hana diwani wala chama chake cha kumsemea. Tulibaki na kura ya Rais, Ndiyo au Hapana, na ya mbunge, jembe au nyumba.

Halmashauri zilirudi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kama angeanza upya, asingezivunja halmashauri wala ushirika.

Vijana, zingatieni hili. Mkuu wa Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, na Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Lakini mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na diwani wa kata huchaguliwa kwa kura zetu. Diwani ndiye aingiaye katika halmashauri inapogawa fedha za zahanati, madarasa na masoko. Wengi hupanga foleni kumchagua Rais, kisha siku ya kitongoji hubaki shambani. Hiyo siyo kura ndogo. Wazee wenu tuliikosa ya diwani miaka kumi na miwili, nasi twajua thamani yake.