Kwa nini maji ya mto husafishwa kabla ya kutiwa klorini

Tangu ilipoanza kutiwa katika maji ya bomba mwanzoni mwa karne ya 20, klorini imeokoa maisha ya watu wengi, kwa kuwa huua vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Hata hivyo, maji ya mto hubeba pia masalia ya majani na mizizi iliyooza, pamoja na majitaka ya miji na viwanda. Klorini inapokutana na masalia hayo, hutokea kemikali nyingine ambazo hazikuwamo majini hapo awali.

Jambo hilo lilielezwa mwaka 1974 na mwanakemia Johannes Rook, wa idara ya maji ya Rotterdam nchini Uholanzi, aliyekuta klorofomu katika maji yaliyokwisha kutiwa klorini. Klorofomu ni mojawapo ya kemikali nne zinazopimwa pamoja kwa jina la trihalomethani. Tafiti kadhaa zimehusisha unywaji wa maji yenye kiwango kikubwa cha kemikali hizo kwa miaka mingi na saratani ya kibofu cha mkojo. Mwaka 1979 Marekani iliweka kikomo cha mikrogramu 100 kwa kila lita ya maji, na baadaye ikakishusha hadi 80.

Je, klorini iachwe? Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba jitihada za kupunguza kemikali hizo zisidhoofishe uuaji wa vimelea, kwani kipindupindu huweza kuua kwa saa chache. Suluhisho ni kuondoa masalia kwanza, kisha kutia klorini.

Kazi hiyo huanza kwa shabu, ambayo hukusanya chembe zilizotawanyika majini zikawa mabonge na kutuama. Maji hupitishwa kisha katika mchanga. Masalia yaliyoyeyuka, ambayo mchanga hauwezi kuyazuia, hunaswa na mkaa uliotengenezwa kwa namna maalumu ukawa na vitundu vidogo mno. Mji wa Cincinnati nchini Marekani, unaochota maji ya mto Ohio, umetumia mkaa wa aina hiyo tangu mwaka 1992. Unapochoka, huchomwa upya katika tanuri na kurudishwa kazini.

Mkaa huo ni ghali. Mtambo usiomudu gharama yake unaweza kupata nafuu kwa kupima vyema kiasi cha shabu, kutotia klorini mpaka maji yamekwisha kuchujwa, na kulinda kingo za mto dhidi ya uchafu.

Kanuni hiyo yafaa nyumbani pia. Maji yenye tope yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kusubiriwa kwa muda ulioelekezwa. Maji machafu hula dawa yakabakiza vimelea.