Biashara ya Hewa katika Nchi ya Chai

Huenda wewe msomaji umepata kupita njia itokayo Kericho kwenda Litein na kuendelea hadi Bomet, ukaiona michai iliyokatwa sawasawa toka bondeni hadi kilimani, na mbali nyuma yake msitu wa Mau umesimama mweusi. Waweza kudhani kwamba nchi hiyo iliumbwa hivyo. Sivyo. Ardhi hiyo ina historia ya mikataba, na siku hizi Kenya nzima yazungumza juu ya mikataba ya namna nyingine, ya kuuza kazi ifanywayo na miti ya kusafisha hewa. Kabla hatujaitazama hii mipya, yatupasa kusoma ile ya kale.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, serikali ya kikoloni ilitenga kiasi cha ekari 25,000 katika ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho, ikawapa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Zao walilotaka kulima halikuwa chai, bali kitani. Wakati wa vita kitani kilitakiwa sana, maana kitambaa chake ndicho kilichofunika mbawa za ndege, na bei ilikuwa imepanda hata watu wakadhani haitashuka tena. Amani ilipokuja ikashuka, tena upesi, na kufikia mwaka 1921 wengi wa maofisa wale walikuwa hawana kitu.

Hapa nakuomba usisome haraka. Bei ya kitani ilianguka, lakini ardhi haikurudi kwa Wakipsigis. Katika miaka ya 1920 iliingia mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilikuwa imeruhusu mashamba kukodishwa kwa miaka 999, muda ambao hakuna mtu wala ukoo uwezao kuungojea uishe. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoukata ukawa miaka 99 kwa wageni. Mwafrika mwenyewe alizuiliwa kulima chai mpaka miaka ya 1950, na shirika la kuwahudumia wakulima wadogo, KTDA, lilianzishwa mwaka 1964.

Sasa tuje kwenye biashara ya hewa. Mti unapokua huvuta hewa ya ukaa na kuifanya kuwa mbao, mizizi na majani. Hewa hiyo ikizidi angani dunia hupata joto, na mvua, ambayo ndiyo uhai wa chai, hupotea majira yake. Katika Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 mataifa yalikubaliana kwamba nchi tajiri ikishindwa kupunguza moshi wake wote yaweza kulipia upunguzaji uliofanywa kwingine. Kila tani moja ya hewa ya ukaa hupewa hati, na hati huuzwa kama gunia la mahindi. Na kama mahindi, huwa na bei isiyotulia: hati za Kyoto zilizouzwa kwa zaidi ya yuro 20 mwaka 2008 zilikuwa chini ya yuro moja mwishoni mwa mwaka 2012. Kitani kingine!

Kenya haikuwa nyuma katika soko hili. Mwaka 2011 mradi wa Kasigau, katika nchi ya Taita, ulipata hati kwa kuzuia msitu usikatwe, na baadaye watu wa Gazi, pwani, wakauza kazi ya mikoko yao. Serikali nayo iliahidi mwaka 2020 kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza hewa chafu kwa asilimia 32, ukilinganisha na kiasi ambacho kingekuwapo bila jitihada yoyote. Ahadi kama hiyo haitimizwi bila daftari la taifa la kuonyesha nani amepunguza nini na nani amemwuzia nani. Ndipo ikaja sheria ya Septemba 2023, na kanuni zake za mwaka 2024.

Sheria hiyo yasema kwamba mradi wa ardhi ulipe jamii asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Maofisa wa mwaka 1919 hawakuambiwa lolote la namna hiyo. Hata hivyo kanuni ziliongeza maneno machache: gharama za shughuli zitolewe kwanza. Nani azihesabuye gharama? Tena mapatano na jamii yahusu ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Mkulima wa Konoin au Bureti mwenye hati ya shamba lake la ekari mbili hamo katika fungu hilo; yeye atajipigania mwenyewe mbele ya mnunuzi.

Katika msitu wenyewe swali ni gumu zaidi. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua mwaka 2017 kwamba haki za Waogiek katika Mau zimevunjwa. Novemba 2023 baadhi yao waliondolewa upande wa Narok. Serikali ilisema yaulinda msitu, na watetezi wao wakashuku kwamba ni thamani mpya ya miti iliyowaondoa. Mimi siwezi kuthibitisha shaka hiyo, lakini kwa mtu ajuaye habari ya kitani si shaka ya kipuuzi.

Mikataba ya miti huandikwa kwa miaka 20, 30, hata 40. Bei haikai muda huo wote, bali sahihi hukaa. Wewe uliye na miaka 16, baba yako akitia kidole leo kwenye karatasi ya miaka 30, utakuwa na miaka 46 itakapokwisha.