Mchoraji wa Watu wa Jembe

Hapa Nakwa, Babati, mtu apaliliaye mahindi na mbaazi hufika wakati akainua mgongo, akaegemea mpini wa jembe na kuvuta pumzi. Twalijua tendo hilo kwa viungo vyetu, na pengine ndiyo sababu hatukudhani kwamba lastahili kuchorwa. Mfaransa mmoja alilichora, na watu wa mjini wakamkasirikia.

Huyo ni Jean-François Millet, aliyezaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Gruchy, Normandie, mwana wa wakulima. Naye alilima kabla ya kujifunza uchoraji. Mwaka 1849 alihamia Barbizon, kijiji kilicho kando ya msitu, akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1875.

Mwaka 1863 alionyesha huko Paris picha ya mtu aliyeegemea jembe katika shamba la mawe na miiba, kinywa wazi kwa uchovu. Wengine waliona humo uchochezi juu ya matajiri. Wengine waliona ubaya mtupu. Millet alimwandikia rafiki yake kwamba maua ya shambani na fahari ya jua yeye pia huyaona, ila humwona vilevile mtu ambaye kuhema kwake kumesikika tangu asubuhi. Twakiri hapa jambo la kutuonea haya. Sisi walimu tumempa mtoto aliyechelewa jembe kuwa adhabu, na jioni akarudi nyumbani akamkuta baba yake amelishika lile lile. Amejifunza nini kwetu juu ya baba yake?

Picha iliyo karibu zaidi na wasomaji wetu ni ile ya sala ya Malaika wa Bwana, iliyochorwa kati ya 1857 na 1859. Mwanamume na mwanamke wamesimama katika shamba la viazi, wameinamisha vichwa; mnara wa kanisa waonekana mbali. Millet alisema aliichora akimkumbuka bibi yake, ambaye kengele ikilia aliwasimamisha wote kazi wawaombee marehemu. Mwaka 1860 picha hiyo iliuzwa faranga 1,000. Mwaka 1889, mchoraji akiwa kaburini miaka 14, iliuzwa faranga 553,000.

Kazi zake za pasteli hazijulikani sana kwetu, ingawa chombo chake mwalimu angekitambua mara moja. Pasteli ni unga wa rangi uliokandwa kwa gundi kidogo ukafanywa vijiti, navyo huchorewa kama chaki ubaoni. Hata kidole huweza kuifuta rangi yake. Tangu 1865 tajiri mmoja wa Paris, Émile Gavet, alimwagiza picha za namna hiyo kwa wingi, na kwa vijiti hivyo Millet akachora wachungaji wa kondoo, mpanzi atawanyaye mbegu, na mashamba ya baridi yasiyo na mtu. Zilipowekwa kuuzwa mwaka 1875, kijana Vincent van Gogh, ambaye hakuwa bado mchoraji, aliingia chumbani mle. Akamwandikia ndugu yake kwamba alijiona kama aliyeambiwa, kama Musa, avue viatu.