Kutoka Kilima cha Makerere hadi Bonde la Kisenyi: Elimu ya Maradhi na Lugha Yake

Wengi wetu hudhani kwamba msomi akishaujua ugonjwa kwa jina, chanzo na njia zake za kuenea, basi amekwisha kujikinga nao. Historia ya mji wa Kampala yatuonyesha kwamba kujua ni jambo moja, na kusadiki ni jambo jingine. Yatuonyesha pia kwamba kati ya mambo hayo mawili imesimama lugha, ambayo ndiyo kazi yetu sisi walimu wa Kiswahili.

Kisenyi ni mtaa wa bondeni, chini ya kilima cha Mengo. Wamekaa humo Waganda, Wanubi, Wakongo, Wasomali na wengineo, na Kiswahili husikika sokoni, gereji na misikitini. Si mbali na hapo kuna kilima cha Makerere, kilichoanza kuwa makao ya elimu mwaka 1922. Katika miaka ya 1950, Aidan Southall na Peter Gutkind, watafiti wa taasisi iliyokuwa Makerere, waliteremka Kisenyi wakaandika kitabu juu ya maisha ya wakazi wake. Basi kilima kililijua bonde tangu zamani. Swali ni kama bonde nalo lilifaidi elimu ya kilimani.

Mwaka 1985, madaktari wa Uganda, wakiwamo David Serwadda na Nelson Sewankambo, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet habari za ugonjwa mpya uliowakondesha watu. Raia walikuwa wamekwisha kuupa jina la "siliimu", yaani ugonjwa wa wembamba. Mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake waliunda TASO ili kuwasaidia wagonjwa na jamaa zao. Hata hivyo, mwanamuziki Philly Lutaaya alipotangaza hadharani mwaka 1989 kwamba anaugua, wengi hawakumsadiki. Walisema anatafuta soko la nyimbo zake. Shaka hiyo haikuwa ya wasiosoma peke yao. Lutaaya alizunguka mashuleni na makanisani akiwaonya vijana, akafariki Desemba mwaka huo huo. Kifo chake kiliwasadikisha wengi ambao maneno yake hayakuwasadikisha.

Hapa yafaa tuyatazame maneno yenyewe. Jina "siliimu" lilitaja dalili tu. Aliyenenepa alidhaniwa mzima, na aliyekonda kwa sababu nyingine alinyanyapaliwa. Kiswahili kilipounda neno UKIMWI kilitaja kiini cha ugonjwa: kinga ya mwili. Lakini wako waliolifasiri kuwa "ukosefu wa kinga mwilini", na wengine "upungufu wa kinga mwilini". Tofauti hiyo si ndogo. Ukosefu ni hukumu ya mauti. Upungufu ni hali inayoweza kutibiwa, kama ilivyodhihirika dawa za kufubaza virusi zilipoenea baada ya mwaka 2004. Vivyo hivyo neno "mwathirika" limeachwa polepole, na sasa twasema "mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI", kwa kuwa mtu si ugonjwa wake.

Nchini Uganda kulikuwa na kikwazo kingine. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa Idi Amin, na masikioni mwa wananchi wengi kikabaki lugha ya askari na ya amri. Wanafunzi wengi wa chuo kikuu walijifunza habari za maradhi kwa Kiingereza, wakazungumza nyumbani kwa lugha za mama. Mtu wa namna hiyo akifika Kisenyi, akikutana na fundi Mkongo au mama Msomali, elimu yake humkwama kooni. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, lakini sheria peke yake haibadilishi mioyo.

Janga la korona lilitukumbusha hayo upya. Vyuo na shule vilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Wanafunzi walirudi makwao, wakawa wafasiri wa habari za ugonjwa kwa wazazi na majirani. Kiswahili kilikuwa na neno UVIKO, lakini neno bila maelezo halishindani na uvumi.

Basi, ndugu walimu, hapana budi tuyaingize maneno haya darasani: kinga, maambukizi, chanjo, karantini, unyanyapaa. Tusiyafundishe kama orodha ya kukariri. Mwanafunzi na apewe kazi ya kumweleza mtu wa sokoni, kwa Kiswahili chepesi na chenye heshima, jinsi ugonjwa unavyoenea na jinsi usivyoenea. Akishindwa kueleza, tujue kwamba elimu yake ingali kilimani, nao watu wa bondeni wanaihitaji.