Alama za Kansa ya Ini: Kutoka Maabara za Kampala hadi Mashamba ya Singida

Mwaka 1968 kipimo cha kansa ya ini kilikuwa sahani ndogo ya jeli. Mtaalamu alitoboa vishimo viwili jirani, akatia majimaji ya damu ya mgonjwa katika kimoja na kingamwili katika cha pili, kisha akasubiri. Kati ya vishimo hivyo ukitokea mstari mwembamba mweupe, kulikuwa na sababu ya kuhofia kansa.

Mstari huo ulikuwa wa alfafetoprotini, au AFP, protini inayotengenezwa kwa wingi na ini la mtoto aliye tumboni na kupungua sana baada ya kuzaliwa. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake mjini Moscow waliikuta kwa panya wenye kansa ya ini. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwenye damu ya binadamu mwenye ugonjwa huohuo.

Ili ugunduzi huo uaminike, walihitajika wagonjwa wengi, nao hawakuwa wengi Ulaya. Uganda walikuwepo. Madaktari wa Kampala walikuwa na rejista ya kansa tangu mwaka 1951, na patholojia ya Makerere ilijulikana duniani. Mwaka 1968 Elliot Alpert, José Uriel na Bernadette de Nechaud walichapisha matokeo ya kipimo hicho cha jeli kwa wagonjwa wa Uganda.

Alpert hakuishia kwenye damu. Yeye, Michael Hutt na wenzao walikusanya sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa sehemu mbalimbali za Uganda. Karibu asilimia 30 zilikuwa na sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga. Ripoti yao ya mwaka 1971 ilionyesha kuwa chakula kilipochafuka zaidi, kansa ya ini nayo ilielekea kuwa nyingi zaidi.

Kadiri upasuaji wa ini ulivyoendelea, AFP ilipata kazi ya pili. Uvimbe unaoitengeneza ukiondolewa wote, kiwango chake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 5 au 6 hivi. Kisiposhuka, huenda kuna kansa iliyobaki. Kikishuka kisha kikapanda tena, kansa huenda imerudi. Tatizo ni kwamba baadhi ya uvimbe hautengenezi AFP kabisa, na kansa hurudi kwa wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 katika miaka 5 baada ya upasuaji. Ilibidi alama nyingine zitafutwe ndani ya chembe zenyewe.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa China na jingine wa kusini mwa Afrika, yalikuta kosa lilelile kwenye p53, jeni inayozuia chembe kugeuka kansa, tena mahali pamoja tu, kwenye kodoni (kundi la herufi tatu za jeni) ya 249. Kosa hilo hupatikana zaidi pale watu wanapokula sumukuvu kwa wingi. Ni kama nyayo za mwizi zilizobaki uani.

Kisha mwaka 2008 Yujin Hoshida na wenzake wakaleta jambo lililobadilisha fikra. Walisoma jeni kwenye vipande vya ini vilivyohifadhiwa kwa miaka mingi ndani ya nta. Alama zilizotabiri hatima ya mgonjwa hazikuwa kwenye uvimbe uliokatwa, bali kwenye ini lililobaki. Kansa inayorudi mapema mara nyingi hutokana na chembe zilizosalia. Inayorudi baada ya miaka 2 na zaidi mara nyingi ni mpya, imezaliwa na ini lililokwisha kuharibiwa na virusi, pombe au sumu.

Hapo ndipo historia hii inapougusa mkoa wa Singida, Tanzania. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 kati ya 68 waliougua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, yote jirani na Singida. Mwaka uliofuata Juma Mmongoyo na wenzake walichapisha utafiti ulioikuta sumu hiyo kwenye mbegu na mashudu ya alizeti nchini, zao ambalo Singida inajulikana nalo. Desturi ya kulowesha karanga ili maganda yabanguke kwa urahisi huwapa kuvu unyevu wanaouhitaji. Kukausha juu ya turubai, kutenga punje zilizooza na kuhifadhi mahali pakavu hulinda ini ambalo kisu cha daktari hakijaligusa, na hata lile ambalo limeguswa.

Adui wa pili ni homa ya ini B, ambayo pamoja na sumukuvu huzidisha hatari maradufu na zaidi. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hiyo utotoni, na ndio wanaolima na kuuza sokoni leo. Kwao kipimo cha damu ndicho cha kuanzia. Mwenye virusi anayestahili matibabu hupewa vidonge vya tenofovir, ambavyo hupunguza uwezekano wa kupata kansa. Na kwa mwenye virusi aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa kansa ya ini, dawa hizo hupunguza uwezekano wa kansa kurudi, huku AFP na utrasaundi vikirudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 6.