Mlazo Hausemi Sababu

Chukua riwaya ya Kiingereza ya hapa kwetu, moja ya zile ambazo bado hulaza maneno ya Kiswahili. Neno sufuria limelazwa. Jina la gazeti limelazwa. Mama akigomba, neno analolitilia mkazo nalo limelazwa. Msomaji anajua tofauti. Kompyuta inaona herufi zilizoinama tu, basi.

Shida ya aina hii ilimkuta Charles Goldfarb, wakili aliyeingia IBM mwaka 1967. Alipewa kazi ya kuzipangia ofisi za mawakili mfumo wa hati: programu moja ya kuhariri, nyingine ya kutafuta, nyingine ya kupanga kurasa. Kila moja ilitaka amri zake, kwa hati ileile! Mwaka 1969 yeye, Edward Mosher na Raymond Lorie wakabuni GML (ndiyo, ni herufi za kwanza za majina yao). Usiiambie mashine “nenepesha hapa”, iambie “hiki ni kichwa.” Kitakavyoonekana ni uamuzi wa baadaye. Mwaka 1986 wazo hilo likawa kiwango cha kimataifa, SGML.

Lakini kazi iliyonivutia zaidi ni ya Oxford English Dictionary. Kuanzia 1984, wachapaji zaidi ya 120 huko Marekani waliingiza kamusi nzima kwenye kompyuta, na hawakunakili maneno pekee. Waliweka alama: hiki kidahizo, hii asili ya neno, huu mfano wa matumizi. Hebu fikiria uvumilivu huo. Kutoka hapo kamusi ikatoka juzuu 20 mwaka 1989, CD mwaka 1992, intaneti mwaka 2000.

Mimi niliacha chuo, na siku hizi natafuta riziki kwa kupanga vitabu vya watu, faili moja itoe karatasi na kitabu cha simu. Kila mlazo lazima niutajie sababu: mkazo ni <em>, jina la kitabu ni <cite>. Sufuria naiwekea lang="sw", ili programu inayomsomea asiyeona, kama ina sauti ya Kiswahili, isiitamke kizungu.

Alama hiyo hailazi chochote. Sufuria inajulikana ni ya Kiswahili, na imesimama wima kwenye mstari kama jirani zake. Anayetaka kuilaza itabidi aandike amri nyingine, kwa mkono wake mwenyewe.